AJALI INA KINGA YAKE

Ndugu msomaji, kuna msemo uliozoeleka mno nchini mwetu hadi ukawa kama dua. Matatu ikipinduka, watu husema, "Ajali haina kinga." Mtoto akiunguzwa na uji wa moto, "Ajali haina kinga." Hata katika karakana yetu ya useremala, mwanafunzi akijikata kwa patasi, wenzake humfunga kitambaa huku wakimliwaza kwa maneno yayo hayo. Mimi nawaheshimu sana wahenga, lakini kwa hili naomba kupinga hoja. Ushahidi wangu sitautoa mbali. Umo mumo humo karakanani.

Kama mjuavyo, muhula huu wazazi wetu walichanga pesa tukanunuliwa msumeno wa umeme wa kukatia pembe, ule ambao mafundi huuita maita. Ni chombo cha ajabu kweli. Pembe ya fremu ya picha, ambayo kwa msumeno wa mkono hututoa jasho na bado ikaishia kuwa na mwanya, chombo hiki huikata kabla hujamaliza kupiga chafya. Lakini mpaka ninapoandika makala haya, msumeno huo ungali ndani ya katoni yake. Mwalimu wa useremala ametangaza kwamba hautawashwa hadi ufungwe mahali pake ipasavyo.

Basi manung'uniko! "Kwani ulinunuliwa wa kuangaliwa?" "Si tuuweke tu hapo sakafuni tukate?" Sisi wa kidato cha nne ndio tunaonung'unika zaidi, kwa kuwa miradi ya mtihani inatungoja. Mradi wangu mwenyewe bado ni mbao tupu zilizoegemezwa ukutani. Hata hivyo nasimama upande wa mwalimu, nami nitaeleza sababu.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana Kiswahili na hesabu si maadui. Bamba la msumeno kama huu, lile duara lenye meno, aghalabu huwa na kipenyo cha inchi 10, yaani milimita 254. Ukilizungushia uzi, mzingo wake ni karibu sentimita 80. Likizunguka mara 4,800 kwa dakika, hiyo ni mara 80 kwa kila sekunde. Kwa hivyo jino moja la bamba husafiri takriban mita 64 kwa sekunde, ambazo ni kama kilomita 230 kwa saa. Mwaka wa 2004 matatu zilifungiwa vidhibiti mwendo zisipite kilomita 80 kwa saa, na abiria wakashangilia. Haya, jino hili linapita kwa kasi ya karibu mara tatu ya hiyo, nalo liko sentimita chache tu kutoka kwa vidole vyako! Ukishaliona limekosea njia, huna tena nafasi ya kufanya lolote. Ndiyo maana nasema kinga ya chombo hiki hutengenezwa kabla ya kugusa swichi.

Kinga ya kwanza ni meza. Msumeno uliowekwa ovyo sakafuni au juu ya benchi linaloyumba hutikisika kila unapoushusha, na mkono wako hutikisika nao. Miguu ya msumeno ina matundu, na matundu hayo hayakuwekwa kuwa pambo. Ni ya bolti. Meza iwe nzito, iwe sawasawa, na iwe ya kimo cha kiunoni ili mtu asiiname. Kulia na kushoto pawe na vishikizo vya kimo kile kile cha kitako cha msumeno. Mbao ya mita tatu isiposhikiliwa huinama kwa uzito wake, ikabana meno katikati ya mkato.

Kinga ya pili ni ule ukuta mdogo wa chuma ulio nyuma, mahali pa kuegemezea mbao. Bamba huzunguka likiisukuma mbao kuelekea ukuta huo na chini kwenye kitako. Mbao ikiegemea vizuri, haina pa kwenda. Pakiwa na uwazi, mbao hurukia uwazi huo, na vidole vilivyoishika huvivuta kuelekea kwenye meno. Sote twaijua saiprasi tunayonunua ikiwa mbichi. Ikikauka hupinda kama upinde. Mbao ya namna hiyo, mgongo wake ndio uelekezwe ukutani, uguse pale bamba linapopita. Tena kabla ya kukata chochote, chukua guni upime kama bamba limesimama nyuzi 90 kwa kitako na kwa ukuta. Hilo lifanywe plagi ikiwa imechomolewa. Narudia, plagi iwe imechomolewa, si swichi kuzimwa tu.

Kinga ya tatu ni umeme wenyewe. Soketi iwe karibu. Waya mrefu mwembamba wa kuungaunga hudhoofisha nguvu, mota ikachemka, na waya huo huo ukimtega mtu miguuni utamwangusha kifudifudi mbele ya msumeno. Swichi ya msumeno huu hujizima ukiiachilia. Nimewahi kusikia watu wakishauriana kuifunga kwa mpira eti kidole kisichoke. Jamani! Stima ikipotea na kurudi ghafla, nani atauambia msumeno usimame?

Kinga ya nne ndiyo kinga hasa: kile kifuniko cha plastiki kinachofunika meno. Kimeundwa kwa werevu mkubwa. Ukishusha mkono wa msumeno kinapanda chenyewe, ukiuinua kinarudi kufunika. Lakini nendeni mkaone huko sokoni. Wengi wamekifunga juu kwa waya, wakidai kwamba kimejaa vumbi na hawauoni mstari. Dawa ya vumbi ni kitambaa, si waya. Chomoa plagi, pangusa, rudisha, endelea na kazi.

Sasa naja kwa hoja ya wapinzani wangu. Wananiuliza, "Mbona mafundi wa jua kali hukata mchana kutwa bila madoido haya yote, na vidole vyao vi kumi?" Jibu langu ni hili: wahesabuni vizuri. Karibu na kituo cha magari hapa mjini yuko fundi stadi wa vitanda ambaye mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Nilipomwuliza, hakutaja mapepo wala bahati mbaya. Alisema kipande kilikuwa kifupi mno, naye alikishika kwa mkono. Leo hawezi kushika msumari mdogo bila kumwita mwanawe amsaidie. Je, yule naye tumwambie kwamba ajali haina kinga?

Serikali yenyewe haiuamini msemo huo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inadai sehemu hatari za mashine zikingwe. Kama mwenye kiwanda analazimika kufanya hivyo kwa watu wazima, sisi wanafunzi tunaoshika mashine kwa mara ya kwanza tunastahili kinga pungufu?

Napendekeza mambo manne. Mosi, wale wanaonung'unika wajitolee Jumamosi mbili tuunde meza ya msumeno kwa mikono yetu wenyewe. Itakuwa somo tosha. Pili, mstari mwekundu upakwe sentimita 15 kila upande wa bamba, na mkono wa mtu usivuke mstari huo kamwe. Kipande kisichoweza kushikwa nje ya mstari kibanwe kwa jiriwa au kikatwe kwa msumeno wa mkono. Tatu, anayekata aache bamba lishike kasi kamili ndipo akate, na akimaliza aachilie swichi, angoje lisimame kabisa ndipo auinue mkono wa msumeno. Nne, miwani ya kukinga macho na vitambaa vya pua vinunuliwe pamoja. Vumbi la mbao si unga wa ngano. Tangu mwaka wa 1995 wataalamu wa kimataifa wameliorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani.

Najua haya yatatuchelewesha wiki mbili au tatu. Mradi uliochelewa wiki tatu utakamilika kwa kukesha na kuvumilia. Kidole kilichokatika hakichipui kama mgomba. Wenzangu, tukutane karakanani Jumamosi saa mbili asubuhi. Mwenye spana aje nayo.

Mwanachama,
Kidato cha Nne.