Fundi, soma kwanza

JAMVI LA MWARINGA
Na Kenga Mwaringa

Naomba maneno "tupige Windows mpya" yapigwe marufuku kuanzia Mtwapa hadi Marereni, na atakayeyatamka kabla ya kusoma kilichoandikwa kwenye skrini anyang'anywe bisibisi. Mnaonijua mnajua kwamba sina subira na mambo mengi, na shemeji yangu wa Chumani huweka orodha, lakini la wiki hii limenikwama kooni.

Jumanne nilishuka stendi ya Matsangoni kutoa kopi ya kitambulisho (ni kwa shughuli ya hati ya shamba, msiniulize imefika wapi). Ndani ya saiba nikamkuta binti wa jirani yangu, anayesomea mitandao ya kompyuta katika chuo kimoja, amesimama kando ya kompyuta yake ya mezani aliyoileta kwa bodaboda. Ni HP ya ofisi, mtumba, zile zinazoshushwa Mombasa baada ya makampuni ya Ulaya kuzichoka. Ramu gigabaiti 8. Mashine nzuri tu. Fundi alikuwa ameshatoa flashi mfukoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Fundi ndiye aliyejibu. "Imekula virusi, mwalimu. Halafu ramu ni ndogo, hii inataka kumi na sita. Napiga Windows mpya, saa moja tumemaliza."

"Si virusi," binti akasema. "Nimemwambia ni BIOS."

"We dada, hayo mambo waachie mafundi."

Hapo ndipo kopi ya kitambulisho iliponitoka akilini.

Kilichomsumbua binti ni mashine pepe. Kwa wasiozijua, hiyo ni kompyuta kamili inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine: nyumba ni moja, lakini mpangaji ana mlango wake na jiko lake, na akiunguza sufuria, mwenye nyumba halali njaa. Binti anatumia VirtualBox, programu ya bure, na ndani yake ana Linux ya kufanyia mazoezi ya chuo. Hakuna muujiza hapo. IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, mimi nikiwa bado navaa kaptura. Kilichobadilika ni kwamba leo kitu hicho kinaendeshwa juu ya meza ya plastiki, pembeni ya friji ya soda.

Mashine pepe ilikuwa inakataa kuwaka. Haikukataa kimya kimya. Ilitoa kidirisha, na kidirisha kikasema kwa Kiingereza chepesi kabisa kwamba VT-x imezimwa kwenye BIOS. Sentensi moja. Fundi alikuwa amekibofya kidirisha hicho kikaondoka, kikarudi, akakibofya tena, kwa ile kasi ambayo watu wengi huidhani ni ujuzi.

VT-x ni uwezo ambao Intel imekuwa ikiutia kwenye vichakataji vyake tangu 2005 ili kompyuta iweze kubeba kompyuta nyingine bila kugugumia. Wenzao AMD walifuata mwaka uliofuata. Kompyuta nyingi za ofisi za zamani zilitoka kiwandani uwezo huo ukiwa umezimwa, kwa sababu karani wa bima kule Birmingham hakuuhitaji. Windows yenyewe itakwambia: fungua Task Manager, nenda kwenye utendaji, bofya kichakataji, na chini pameandikwa kama umewashwa au la. Ukizimwa huko chini kwenye BIOS, unaweza kupiga Windows mpya kila Ijumaa baada ya swala na tena Jumapili baada ya misa, hautawaka. Windows na BIOS, programu ya ndani inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ni vitu viwili. Fundi asiyejua hilo ni mfanyabiashara wa flashi.

Na hasara ya kupiga Windows hapa si saa moja tu. "Nitakuwekea bekapu ya Documents zako zote," fundi alimwahidi, na nina hakika alikuwa mkweli. Lakini VirtualBox, usipoielekeza kwingine, huhifadhi mashine zake kwenye folda iliyo pembeni ya Documents, wala si ndani yake. Angenakili Documents, angenakili picha za harusi, angenakili hata nyimbo, halafu angefuta diski na kazi ya muhula mzima ya binti wa watu. Kisha angesema virusi vilikuwa vikali.

Nikamwambia binti, "Isome tena, kwa sauti." Akaisoma. "Sasa fanya ulichotaka kufanya."

Akazima, akawasha huku akidonoa F10, kwa kuwa hiyo ni HP (Dell ni F2, ThinkCentre za Lenovo ni F1). Akaingia sehemu ya usalama, akakuta uwezo wenyewe umeandikwa waziwazi, akauwasha, akahifadhi, akaizima kompyuta kabisa na kuchomoa waya kidogo. Akarudisha. Mashine pepe ikalalamika jambo la pili: kule chuoni iliunganishwa moja kwa moja na kadi ya mtandao ambayo huku Matsangoni haipo. Akabadilisha iwe NAT, itumie intaneti ya mwenyeji wake. Basi. Linux ikaanza kupanda.

Ikapanda polepole. Polepole ya kuudhi.

"Si nilisema ramu?" Fundi alikuwa hajaenda mbali.

Tazameni pembe ya chini ya dirisha la VirtualBox, ndugu zangu. Pana alama ndogo, na alama hiyo ilikuwa kasa wa kijani. Sisi wa pwani hii tunawajua kasa. Watamu wanalindwa, wanapimwa, wanavishwa vibati na kurudishwa baharini, na ukikamatwa na nyama yake utaeleza kwa hakimu. Huyu wa kwenye skrini ndiye pekee unayeruhusiwa kumwondoa. Anapotokea, maana yake ni kwamba Windows imekwisha kuushika ule uwezo wa VT-x kwa ajili ya Hyper-V, mfumo wake wenyewe wa mashine pepe, au kwa ajili ya ulinzi wake wa kumbukumbu, na VirtualBox imebaki kupitia mlango wa nyuma. Aliyekuwa na kompyuta hii kabla ya binti pengine aliwasha vitu hivyo ili acheze michezo ya simu. Vilikuwa vimelala muda wote VT-x ilipokuwa imezimwa. Ilipoamka, navyo vikaamka. Binti akaingia kwenye orodha ya vipengele vya Windows, akaondoa alama za Hyper-V na wenzake, akazima ule ulinzi wa kumbukumbu, akawasha upya. Kasa akatoweka. Ramu ilibaki ile ile gigabaiti 8: nne za mpangaji, nne za mwenye nyumba, hakuna aliyekufa.

Ramu inaweza kuwa tatizo, sikatai. Ukiwa na gigabaiti 4 kwa jumla, ukampa mgeni 3, wote wawili wataanza kuitumia diski badala ya kumbukumbu na utakunywa madafu mawili kabla kishale hakijasogea. Lakini VirtualBox imeuchora mstari huo kwa rangi, kijani na nyekundu, ili hata asiyesoma aone. Asiyetazama je?

Sababu ya haya yote ninayo, na msinitumie barua za kunirekebisha. Kusoma hakulipwi. Fundi akisoma sentensi moja na kuwasha kitu kimoja, mteja atasema, "Kumbe ni hivyo tu?" na kutoa hamsini. Fundi akipiga Windows, mteja ataona skrini ya buluu, asilimia zikipanda kutoka sifuri hadi mia, kompyuta ikijizima na kujiwasha, na atalipa elfu moja akishukuru. Tumewazoesha kulipwa kwa moshi. Halafu pana la pili, ambalo ni baya zaidi: binti alikuwa ameshasoma, ameshaelewa, ameshasema, na bado jibu lake lilisubiri mzee mwenye mvi aje kutoa kopi. Mimi nilifundisha Kiswahili miaka mingi katika tarafa hii. Sikumfundisha yeye VT-x, alijifundisha. Nilichochangia mimi Jumanne ni mvi tu, na zilitosha, na hilo ndilo linalonikera hadi leo.

Wala si mara ya kwanza. Muhula uliopita binti alitaka kunakili faili la mashine yake kwenye flashi ya gigabaiti 32, likakataa. Fundi mwingine, wa ukoo ule ule wa kutosoma, akamwambia flashi ni feki, nunua nyingine, na kwa bahati nzuri anazo hapa. Flashi haikuwa feki. Ilikuwa imeformatiwa kwa FAT32, mpangilio usiopokea faili moja linalofika gigabaiti 4 hata flashi iwe tupu kabisa. Ujumbe ulisema hivyo hivyo: faili ni kubwa mno kwa mahali linapopelekwa. Dawa yake ni kuiformati upya iwe exFAT, bure.

Nirudi kwenye saiba. Linux imewaka, binti ameanza kutuonyesha kazi yake, fundi naye amesogea kuchungulia, na mimi naanza kujisikia mwema. Stima ikapotea.

Niruhusuni kidogo hapa. Kutoka stendi ile hadi Uyombo si mbali, na Uyombo ndiko serikali ilikotaka kujenga mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000. Mei 2024 wanakijiji waliandamana kuupinga, wakakutana na polisi. Sasa macho yameelekezwa Siaya, nasi tumepumua. Mimi nilisema wakati ule na nasema tena: nchi ambayo usiku wa Agosti 25, 2023 iliingia gizani pamoja na uwanja wake mkuu wa ndege ingeanza kwa kuhakikisha nyaya zilizopo zinafikisha umeme uliopo hadi kwa kinyozi wa Matsangoni. Shemeji wa Chumani yeye alikuwa anaunga mkono nyuklia, na bado jenereta yake haiwaki, kwa hiyo mnaweza kumpima wenyewe.

Kompyuta ya mezani haina betri. Stima ilipotoka, mwenyeji alizimika na mgeni akazimika naye katikati ya kazi. Iliporudi, VirtualBox iliandika kando ya jina la mashine kwamba ilikatishwa.

"Si nilisema?" Fundi. Flashi mkononi tena, wallahi.

Kukatishwa ni kukatishwa. Maana yake mashine ilizimika bila kuagwa, na haimaanishi kwamba imekufa. Linux ya binti inatumia ext4, ambayo huweka daftari la mabadiliko inayokusudia kufanya kwenye mpangilio wa faili zake. Ikiwashwa baada ya ajali, hupitia daftari hilo na kupanga palipovurugika. Akaiwasha, ikajikagua, ikapanda, kazi ikawa ipo pale pale. Ushauri wangu kwa wenye shughuli hizi huku kwetu ni mfupi: ukisikia upepo unaanza kuchezea waya, usiache mashine pepe inaendelea, chagua kuhifadhi hali yake, nayo itaandika kumbukumbu yake yote kwenye diski na kuendelea ilipoachia. Na ukipata hela ya UPS, hata ndogo ya dakika kumi, nunua kabla ya ramu. Diski C nayo ikijaa, VirtualBox itaisimamisha mashine papo hapo na kukueleza kwa nini. Hapo pia hapatakiwi Windows mpya. Panatakiwa kufuta sinema.

Fundi yule si mtu mbaya. Kijana mchapakazi, anaamka mapema, saiba yake safi kuliko ofisi nyingi za serikali nilizozungushwa mwaka huu, na mikono yake kwenye printa ni ya dhahabu. Ndiyo maana jina la duka lake sitalitaja. Lakini wakati binti anafunga kebo zake kuondoka, alimtoza shilingi 300 za "kuangalia". Binti alilipa, kwa kuwa amelelewa vizuri.

Fundi, najua safu hii unaisoma, maana gazeti liko mezani kwako kila wiki. Hukuangalia chochote. Mrudishie mtoto pesa yake.