BRASHI YA CHAMA IRUDI IMEOSHWA



Ubaoni hapa tumekwisha kuandika sana habari za mbegu, mizani na madeni. Leo tunaandika habari ya brashi. Msicheke kwanza, someni.

Chama kina brashi tatu za kusugulia mifugo. Zilitengenezwa kwa ajili ya farasi, mnyama ambaye huku Buha hakupata kukaa, maana mbung'o wa mapori ya Moyowosi humwua kwa ndorobo. Lakini brashi haiulizi huyu ni farasi au ng'ombe. Inatoa matope na mavi makavu, na anayesugua huona kupe waliojificha masikioni na chini ya mkia. Maksai aliyesafishwa shingo kabla ya kufungwa nira hachubuki ovyo. Hapo hakuna anayebisha.

Ubishi uko kwenye kurudisha. Brashi inatoka ghalani safi, inarudi imejaa manyoya kama panya aliyekufa. Kesho yake inachukuliwa na mwingine, naye anaipeleka moja kwa moja kwenye ndama zake. Sasa mvua hizi nyumba tatu zina ndama wenye mapunye, yale mabaka ya duara, ya kijivu, yenye magamba, kuzunguka macho na shingoni. Watu wanasema ni hali ya hewa. Sivyo. Mapunye ni ukungu, na mbegu zake hukaa hai kwenye manyoya na kwenye mbao kwa miezi mingi. Tena hayachagui: mtoto anayeshika ndama mgonjwa huyapata mikononi na kichwani. Upele nao husafiri kwa njia hiyo hiyo ya brashi.

Wapo wanaosema eti sabuni ni ghali na kiangazi maji ni ya foleni. Tunawajibu hivi: ndoo moja inatosha. Toa manyoya kwanza, kwa kitana cha zamani au kwa kusugua brashi mbili pamoja, na manyoya hayo uyachome. Usiyaache bomani yapeperuke. Kisha osha nyuzi kwa maji ya moto na sabuni, lakini mgongo wa mti usiuloweke usiku kucha, utapasuka na nyuzi zitang'oka. Kama imegusa mnyama mwenye mabaka, tia Jik sehemu moja kwa maji sehemu sita, chovya nyuzi dakika kumi, halafu suuza vizuri, kwa sababu Jik ikikaa inakula nyuzi. Anika juani, nyuzi zikitazama chini. Brashi iliyolazwa chali inanywesha maji mti wake, ikaoza ndani kwa ndani.

Jambo moja tunalisema kwa ukali. Brashi iliyosugulia dawa ya kupe isioshwe kijitoni. Dawa nyingi za siku hizi zinaua samaki, zinaua na nyuki wanaokuja kunywa, na sisi wa Kibondo na Kasulu tukikosa asali tutamwuzia nani nini? Vijito vyetu vyote hivi vinakwenda Malagarasi. Maji hayo yamwagwe shimoni, mbali na kisima na mbali na mizinga.

Maoni yetu basi ni haya. Brashi moja ipakwe rangi nyekundu, iwe ya wagonjwa peke yao. Mbili zilizobaki zisiingie kabisa kwenye boma lenye mapunye, hata kama mwenye boma ni mjumbe wa kamati. Mtunza ghala akatae brashi chafu mlangoni, na aliyeirudisha hivyo asiazimwe tena mpaka msimu upite. Wengine wataona tunawaonea wanyonge, maana mwenye ng'ombe kumi anaweza kununua ya kwake dukani. Kwa asiyeweza, gunzi la mahindi linasugua vizuri sana, kila boma na lake, na likichafuka linatupwa motoni. Sisi tungependa gunzi kumi kuliko brashi moja inayozunguka kijiji kizima na ugonjwa.

Suala hili litaletwa mkutanoni Jumamosi. Wenye ndama wenye mabaka waje waseme wazi ni mabaka ya lini, ili tujue brashi ipi ilipita wapi. Ndama zenyewe waziache nyumbani.