Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Mwaka 2025 serikali ya Marekani, katika mapendekezo yake ya bajeti ya mwaka 2026, ilitaka fedha za maabara ya LIGO zipunguzwe kwa asilimia 40 hivi na kimojawapo cha vituo vyake viwili kifungwe. Vituo hivyo, Hanford na Livingston, vimetengana kwa kilomita 3,000 hivi. Kazi yake ni kunasa mawimbi ya uvutano yatokayo angani mashimo meusi yanapogongana na kuungana. Yamkini aliyeandika pendekezo hilo alidhani kwamba nusu ya vituo itafanya nusu ya kazi. Hesabu hiyo ina kasoro.

Tarehe 14 Septemba 2015 yalifika duniani mawimbi ya mashimo meusi mawili, yenye uzito wa majua 36 na 29, baada ya kusafiri zaidi ya miaka bilioni moja. Mikono ya mitambo, yenye urefu wa kilomita 4, ilibadilika urefu kwa kadiri ya sehemu moja hivi ya elfu ya upana wa protoni. Kwa mtambo mwepesi wa kuhisi namna hiyo, hata lori lipitalo mbali laweza kuleta mtikisiko. Wataalamu walipata hakika kwa kuwa mtikisiko ule ule ulionekana Livingston, kisha Hanford baada ya sehemu 7 hivi za elfu za sekunde. Lori halitikisi pande mbili za nchi kwa mpigo.

Tena, tofauti hiyo ya wakati ndiyo idokezayo upande yatokako mawimbi. Wavuvi wetu wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani hakuna apataye mwamba wake baharini kwa kutazama alama moja tu ya nchi kavu. Mwezi Agosti 2017, kituo cha Virgo cha Italia kilipoungana na vile viwili, darubini ziliweza kuelekezwa mahali zilipogongana nyota mbili za nyutroni.

Hatukatai kwamba fedha za umma zina madai mengi, na kubana matumizi ni wajibu wa kila serikali. Lakini ni wajibu pia wa mwenye kalamu ya bajeti kuuliza kwanza kama kitu cha pili ni ziada, au ndicho kikipacho cha kwanza maana. Asipouliza, ataokoa fedha kidogo na kupoteza zote zilizokwisha kutumika.