"Mmeelewa?" Si Swali

Miongoni mwa maneno yatamkwayo kila siku katika madarasa ya shule zetu za msingi, hakuna linalotudanganya sisi walimu kuliko hili: "Mmeelewa?" Watoto hujibu kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu!" Nasi huridhika, tukafuta ubao na kusonga mbele. Kwa maoni yetu, jibu hilo ni la adabu tu. Halithibitishi kwamba somo limeeleweka.

Wakati mmoja tuliketi nyuma ya Darasa la Tatu kumtazama mwanachuo akifundisha kutoa. Andalio lake la somo lilikuwa safi na sauti yake ilisikika vyema. Alikokotoa 43 − 16 ubaoni, akauliza swali lile, akajibiwa kwa kishindo. Kisha akatoa zoezi: 52 − 27. Tulipopitia madaftari tulikuta watoto wengi wameandika 35. Walikuwa wametoa 2 katika 7, kwani tangu awali walizoea kutoa ndogo katika kubwa. Hawakuwa wazembe, walifuata kanuni waliyoijua.

Kasoro ilikuwa katika maelezo. Mwenzetu alisema, "Tunakopa moja kwa jirani." Lakini kinachochukuliwa si moja bali ni kumi, na wala hakirudishwi kama mkopo. Laiti angeleta mafungu matano ya vijiti kumi kumi pamoja na vijiti viwili, akafungua fungu moja mbele ya watoto, wangeona yamebaki mafungu manne na vijiti 12. Hapo kutoa 7 ni jambo la kuonekana kwa macho, na 25 hupatikana bila kukariri. Vijiti havina gharama. Vimejaa nje ya darasa.

Baada ya maelezo, mwalimu apime. Aandike 40 − 18, kila mtoto afanye peke yake kimya, naye apite kati ya madawati. Aliyepata 22 ameelewa njia. Aliyeandika 38 bado anatoa ndogo katika kubwa. Aliyeandika 32 amefungua fungu, ila amesahau kulipunguza kwenye makumi. Hivyo swali moja lililochaguliwa vema humwonyesha mwalimu nani arudiwe, na arudiwe wapi. Kisha amwulize mtoto mmoja au wawili, "Umepataje?" Awaulize waliopata na waliokosa, ili swali hilo lisigeuke kuwa adhabu.

Wapo watakaosema kwamba kipindi ni kifupi na watoto ni wengi. Ni kweli. Lakini dakika tano za kupima ni chache kuliko juma zima la kurudia, na mtoto anayehama na kosa hili atakutana nalo tena katika desimali, katika fedha na katika vipimo. Wengine huhofia kwamba watoto wakikosa, mwalimu ataonekana hajui kazi. Sisi twaona kinyume chake: mwalimu asiyejua kazi ni yule asiyetaka kuyaona makosa hayo.

Wanachuo wenzetu, mkienda katika mazoezi ya kufundisha, liacheni neno "Mmeelewa?" mlangoni. Twapenda kuwaambia watoto kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hiyo yamhusu mwalimu kwanza.