Msitufanye sisi jaribio: sistemu mpya ijaribiwe kabla ya kufika Baraka

Ndugu wasikilizaji, ndugu wahamishwa mliopokelewa katika nyumba za wenyeji na mlio katika kambi, kuanzia Mboko hadi Baraka na Fizi: leo nazungumza juu ya neno ambalo kila aliyepanga mstari wa msaada analijua. Neno hilo ni "sistemu imebadilika". Kijana aliyeshika tableti analitamka kwa upole kabisa, na mama aliyetoka kwake alfajiri kwa miguu anarudi mikono mitupu. Mwezi uliopita kadi yake ilisomeka. Leo haisomeki. Hakuna aliyemwibia wala aliyemfuta kwa makusudi. Kuna mtu, mahali fulani mbali, aliyeweka programu mpya bila kuijaribu vya kutosha.

Sitaji shirika, maana ugonjwa huu si wa biro moja. Lakini nasema wazi: hiyo si bahati mbaya. Ni uzembe, na uzembe huo una dawa ambayo wenye kazi ya kompyuta wanaijua vizuri.

Wakubwa hupenda kutujibu kwamba mashine ni mashine, zinakosea. Basi tuangalie wale wanaoendesha mashine nyingi kuliko wote. Kuna programu inayoitwa Kubernetes. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa kazi ya mshika usukani. Programu hiyo huongoza kundi la kompyuta nyingi zifanye kazi kama moja: moja ikizimika, kazi yake inahamishiwa nyingine. Ilitoka Google, ikatangazwa mwaka 2014, na ni programu huria, yaani mtu yeyote anaweza kuisoma, kuitumia na kuirekebisha bila kulipa. Makampuni makubwa na mabenki yanaitegemea.

Kubernetes imeandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Go. Lugha hiyo nayo inakua. Toleo jipya hutoka karibu kila miezi 6, kwa kawaida Februari na Agosti. Hapo ndipo penye hatari. Maandishi ya Kubernetes yanaweza yasiguswe hata herufi moja, lakini lugha iliyo chini yake imebadilika. Fikiri mkutano wetu ambapo mgeni anasema Kifaransa na mkalimani anatafsiri kwa Kiswahili. Mgeni ni yule yule, hotuba ni ile ile, lakini mkalimani amebadilishwa katikati. Pengine huyu mpya ni hodari kuliko wa kwanza. Lakini akitafsiri neno moja tofauti, watu wataondoka na habari nyingine.

Hilo limetokea kweli. Agosti 2021 lilitoka toleo la Go 1.17. Kompyuta zina anwani za namba, mafungu 4 yaliyotenganishwa kwa nukta. Zamani Go ilimruhusu mtu kuandika 010 mahali pa 10. Toleo hilo jipya likakataa sifuri ya mbele. Sababu ilikuwa nzuri: programu nyingine husoma 010 kama 8, na tofauti ya namna hiyo inaweza kumfungulia mwizi mlango. Lakini watunzaji wa Kubernetes wakaona jambo jingine. Kuna watu ambao anwani zao zilikuwa zimekwisha kuhifadhiwa pamoja na sifuri hiyo. Kama Go mpya ingepokelewa hivi hivi, sistemu za watu hao zingekataa maandishi yake yenyewe.

Je, waliwaambia watu warudi wakajiandikishe upya? Hapana. Walichukua njia ya zamani ya kusoma anwani, wakaiweka ndani ya programu yao. Kubernetes 1.23 ikatoka Desemba 2021 na Go mpya, na sifuri za watu zikaendelea kusomwa.

Sifuri ya mbele, ndugu zangu! Ninyi wenye namba za 081 na 099 mnaijua. Orodha ya simu ikifunguliwa ovyo katika jedwali la kompyuta, sifuri inaliwa, 081 inakuwa 81. Sistemu moja inataka sifuri, nyingine inataka +243. Pesa iliyotumwa kwa simu haifiki, na mwenye namba anaambiwa hayumo. Na majina yetu? Kibembe kina M'munga na M'mbondo. Sistemu isiyojua ile alama ndogo ya juu itaandika Mmunga, nyingine itaandika Munga, na kwenye kadi ya mpiga kura limebaki M'munga. Mtu mmoja amekuwa watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao anayepewa unga. Hapo tena jina, postinomu na prenomu zikibadilishana nafasi, familia nzima inageuka kuwa wageni katika orodha yao wenyewe.

Kwa mtu aliye nyumbani kwake, kosa hilo ni usumbufu wa siku mbili. Kwa aliyekimbia kijiji bila karatasi, jina lililo katika mashine ndilo ushahidi pekee kwamba aliandikishwa. Likipotea, ataleta nini? Shamba lake liko nyuma, chefu wa kijiji chake naye amekimbia, jetoni yake ilinyeshewa na mvua.

Sasa sikilizeni masharti ambayo watunzaji wa Kubernetes waliyaandika hadharani mwaka 2023. Walikuwa na tatizo gumu. Toleo moja la Kubernetes hutunzwa kwa takriban miezi 14, lakini toleo la Go hutunzwa kwa takriban mwaka mmoja tu. Kwa hiyo watu walikuwa wakibaki na Kubernetes inayotunzwa juu ya Go iliyoachwa, yenye matundu ya usalama yasiyozibwa. Ikabidi Go ibadilishwe chini ya matoleo ambayo watu tayari wanayatumia. Wakaweka masharti 4. Kwanza, Go mpya iwe imetoka kwa muda usiopungua miezi 3. Pili, iwe imetumika katika toleo jipya la Kubernetes kwa mwezi 1 au zaidi, na majaribio yote yanayoweza kuzuia toleo yawe yamepita. Tatu, pasiwe na kasoro yoyote inayojulikana iliyoletwa na mabadiliko. Nne, tabia mpya ya lugha isimlazimishe mtumiaji kufanya chochote.

Hilo la nne nawaomba mlirudie nyumbani. Mtumiaji asilazimishwe kufanya chochote. Mzigo wa mabadiliko anaubeba anayebadilisha. Kwetu ni kinyume: sistemu inabadilishwa na wao, safari ya miguu inafanywa na mama.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni usalama: programu ya zamani ina hatari, lazima ibadilishwe. Ni kweli, na mimi sipingi mabadiliko. Anayebaki na programu iliyoachwa anaacha orodha zetu wazi kwa wezi, na katika nchi ya vita orodha ya majina ni kitu cha kuua. Lakini ni usalama huo huo uliowafanya watunzaji wa Kubernetes wabadilishe Go, na bado hawakuruka majaribio.

La pili ni dharura. Bukavu ilianguka Februari 2025, watu wanakimbia, hakuna wakati wa kujaribu. Nauliza: ni nahodha gani anayefunga mota mpya juu ya boti siku ile ile anayopakia abiria wa Kalemie usiku, bila kuiwasha kwanza karibu na ukingo? Dharura ndiyo sababu ya kujaribu mapema, kwa kuwa siku ya ugawaji hakuna nafasi ya kurudi nyuma.

La tatu ni hili: "Tulijaribu." Mlijaribu wapi, na kwa watu wangapi? Kubernetes hujaribiwa kwa makundi makubwa yanayofikia kompyuta 5,000, kwa sababu kuna makosa yasiyoonekana kwenye kompyuta 10. Kadi 20 zilizosomwa ndani ya biro yenye umeme na rezo nzuri hazisemi lolote juu ya umati uliopanga mstari kwenye jua, rezo inakatika, tableti imebaki na moto kidogo, na simu moja inatumiwa na familia tatu. Jaribio la Baraka lifanyike Baraka.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na si makubwa.

Moja: kabla ya kubadilisha sistemu, orodha ya zamani ipitishwe yote katika sistemu mpya, na kila jina ambalo halikupita litafutwe na wao kabla ya siku ya ugawaji. Lisingoje kugunduliwa na mwenyewe akiwa mstarini.

Mbili: sistemu ya zamani isizimwe siku mpya inapowashwa. Mwaka 2022 Go 1.18 ilipoanza kukataa vyeti vya usalama vilivyotiwa saini kwa njia ya zamani ya SHA-1, iliacha njia ya kuviruhusu kwa muda ili watu wapate kuvibadilisha. Na sisi tuachiwe njia: karatasi iliyochapishwa, jetoni ya zamani, komite inayomtambua mtu kwa sura.

Tatu: matokeo ya majaribio yatangazwe. Majaribio ya Kubernetes yako hadharani, na mtu yeyote anaona lililopita na lililoshindwa. Mashirika nayo yaje kwenye redio waseme: tumejaribu majina kadhaa, kadhaa yameshindwa, tunarekebisha hivi.

Nne: jina likikataliwa, familia ipewe msaada wake siku hiyo kwanza, uchunguzi ufuate.

Na ninyi ndugu wahamishwa, msikubali jibu la "sistemu imebadilika" kama mwisho wa maneno. Tunzeni jetoni na kadi mahali pakavu. Andikeni katika daftari namna jina lenu lilivyoandikwa siku ya kwanza, herufi kwa herufi. Siku ya mkutano, komite iulize kwa heshima lakini bila woga: imebadilika lini, nani aliijaribu, aliijaribu kwa majina ya nani? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu arudi akajaribu kwanza, na ugawaji uendelee kwa orodha ya zamani.