Vanila ya Mexico tunaijua, okidi zetu je?

Wadau, leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na sisi wenyewe.

Nenda Kizimbani, fuatana na msafara wa wageni kwenye mashamba ya viungo. Mtembezaji atasimama penye mmea wa majani manene uliotambaa juu ya mti, aseme: hii vanila, ni aina ya okidi, asili yake Mexico, ua lake hufunguka siku moja tu na huku kwetu lazima lichavushwe kwa mkono. Akiwa hodari atamtaja na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 aliyevumbua njia hiyo kisiwani Réunion mwaka 1841. Yote kweli, na nampigia makofi.

Sasa muulize: okidi za asili za hapa Unguja ni zipi? Mara nyingi jibu ni kwamba hayo ni maua ya porini tu.

Jamani, ya porini tu! Vanila hiyo hiyo ina ndugu yake mzaliwa wa mwambao huu, Vanilla roscheri. Anaota vichakani na kwenye ardhi ya maweni, toka Kenya mpaka Msumbiji na kusini zaidi, Zanzibar ikiwemo. Kumtambua hakuhitaji uprofesa: shina nene la kijani, majani ya kuonekana hana, maua makubwa meupe yanayonukia. Mgeni ana majani, mwenyeji hana. Hata mtoto wa skuli ya msingi atakumbuka.

Tazameni na majina. Roscheri ni kwa ajili ya Albrecht Roscher, Mjerumani aliyepita Zanzibar kisha akauawa karibu na Ziwa Nyasa mwaka 1860. Okidi nyingine ya pwani yetu, Angraecum eburneum, ina tawi lake linaloitwa giryamae, yaani Wagiriama. Wataalamu wa nje wametia jina la watu wetu kwenye Kilatini, sisi tunapita chini ya ua bila ya kulitazama. Juzuu za okidi katika Flora of Tropical East Africa zilitoka 1968, 1984 na 1989, zote kwa Kiingereza. Kitabu cha mfukoni cha Kiswahili chenye picha, mimi sijakiona.

Mtasema, maua nayo yana nini? Yana mengi. Tusichokijua tunakikata. Watu wanadhani okidi iliyo juu ya mti ni kimelea, inanyonya, basi inang'olewa. Si kweli. Imeshika gome tu, maji inapata kwa mvua na umande. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota bila ya kusaidiwa na kuvu walio mahali hapo. Kwa hiyo ukishafyeka kichaka cha maweni kwa makaa, chokaa au hoteli, usitegemee kuzirudisha kwa kumwaga mbegu kama mchicha.

Wapo wanaosema tukizitangaza wezi watakuja. Ndugu zangu, mwizi wa okidi anazijua tayari, kwa Kilatini na kwa bei. Ndiyo maana familia nzima ya okidi imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa mwaka 1973 wa biashara ya viumbe walio hatarini. Asiyezijua ni jirani wa msitu, ambaye ndiye angekuwa mlinzi wa kwanza. Atalindaje kitu asichokijua?

Ninachotaka si kikubwa. Skuli ya Kilimo ya SUZA ipo Kizimbani, taasisi ya utafiti wa kilimo ipo Kizimbani, watembeza wageni wamejaa Kizimbani. Wakae pamoja, watoe kijitabu cha Kiswahili: picha, mahali inapoota, mwezi wa kuchanua. Watembezaji wafundishwe. Okidi ziachwe zilipo, zisibebwe kwenda kupamba bustani. Na huenda wazee wa Makunduchi au Nungwi wana majina yake. Tuwaulize sasa, wangali hai.

Mgeni tumemheshimu vya kutosha. Sasa zamu ya mwenyeji.

Nawasilisha.