Tusimhukumu Mwalimu kwa Msimu Mmoja

Kila ufikapo Januari, waalimu kadhaa wa mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi, huachishwa kazi, nao watabiri huanza kuwataja mabingwa. Lakini tuikumbuke timu ya New England Patriots. Mwaka 2000 ilimwajiri mwalimu Bill Belichick. Msimu wake wa kwanza alishinda michezo 5, akashindwa 11. Mwenye timu, Robert Kraft, hakumfukuza.

Mwaka huo huo, katika uteuzi wa vijana watokao vyuoni, walichaguliwa vijana 198 kabla Patriots hawajamchukua Tom Brady. Alikaa akiba mpaka Septemba 2001, Drew Bledsoe alipoumia. Februari 2002 watabiri waliwapa St. Louis Rams ushindi. Patriots wakatwaa ubingwa kwa pointi 20 kwa 17. Brady na Belichick walitwaa ubingwa mara 6 pamoja, na mwalimu huyo hakuondoka hadi Januari 2024.

Nanyi mlio katika kamati za michezo, kabla hamjatia sahihi barua ya kumfukuza mwalimu, jiulizeni kama mlimpa muda wa kufundisha. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.